Diski Isiyofanana na Nakala Yake

Nchi ninayotaka kuisimulia haimo kwenye ramani yoyote, na wenyewe wanashikilia kwamba kosa ni la ramani. Inaitwa Ustawini. Ina mlima, ina ziwa, ina bendera yenye rangi zote ili pasiwe na rangi itakayonung'unika, na ina Kiongozi mmoja aliyedumu madarakani mpaka watoto wa shule wakadhani Kiongozi ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Siku alipoapishwa, wageni fulani wenye kamera nzuri walipiga picha shughuli nzima, kuanzia bendi hadi dua, wakaichoma kwenye diski ya DVD na kuiacha kama zawadi. Ilikuwa picha safi kabisa, ungeweza kuhesabu vifungo vya magwanda ya askari. Ila nyuma ya kava paliandikwa kwa herufi ndogo kwamba ni marufuku kunakili diski hii.

Sasa, Ustawini ni nchi inayoheshimu sheria, hasa zile zinazotoka nje. Na Serikali ilihitaji nakala ya akiba, kwa sababu diski hukwaruzika, na nchi isiyo na akiba ya historia yake yaweza kuamka asubuhi ikakuta haikuwahi kuanza. Mwanasheria Mkuu alijifungia chumbani na lile kava wiki nzima. Alipotoka alikuwa amekonda, lakini anatabasamu. Maandishi yanakataza kunakili diski, alisema. Hayasemi lolote kuhusu televisheni.

Basi diski ikachezwa kwenye televisheni, na televisheni ikapigwa picha.

Hivyo ndivyo ilivyoanza Sherehe ya Kunakili, inayofanyika kila mwaka katika ukumbi wa Wizara ya Kumbukumbu. Utaratibu wake hauna shida. Televisheni huwekwa mbele, kamera nyuma, na katikati hukaa waheshimiwa. Kiongozi akitokea kwenye kioo, wote husimama na kupiga makofi, maana sheria ya heshima haikutofautisha Kiongozi wa nyama na Kiongozi wa umeme. Kamera huchukua vyote: picha, makofi, na visogo vya waliosimama. Mwaka unaofuata diski ya asili haiguswi, kwa kuwa ni tukufu na imelazwa kwenye mahameli ndani ya sefu. Huchezwa nakala ya mwaka jana, nayo hupigwa picha, pamoja na visogo vipya.

Miaka ikaenda. Nakala ikazaa nakala. Visogo vikatazama visogo vilivyokuwa vikitazama visogo, na kwa mbali sana, kwenye upenyo kati ya sikio la Waziri wa Uvuvi na kilemba cha Waziri wa Vijana, palionekana kitu cheupe ambacho wataalamu walithibitisha kuwa ni Kiongozi akila kiapo. Maneno ya kiapo chenyewe yalikuwa yamefunikwa na makofi muda mrefu. Wizara ilitangaza kila mwaka kwamba ubora umeongezeka, na huwezi kubishana nayo, kwa kuwa kila mwaka kulikuwa na vitu vingi zaidi vya kutazama.

Mwaka mmoja nzi alitua kwenye kioo cha televisheni katikati ya kiapo, akakatiza polepole, akasimama kujifikicha mikono, akaruka. Naye akaingia kwenye nakala, na nakala zikamrithisha. Vitabu vya historia vikaandika kwamba siku ya kuapishwa, nzi mkubwa kuliko ng'ombe alipita juu ya uwanja, akatua begani kwa Kiongozi, akaridhika, akaondoka. Katika mtihani wa darasa la saba watoto waliulizwa aliondokea upande gani. Mwaka mwingine Waziri wa Uvuvi aliwashwa na sikio akalikuna, na tangu hapo wananchi wa Ustawini hukuna sikio la kushoto wimbo wa taifa unapopigwa. Vilema wa mkono hukuniwa na jirani.

Mwenye kazi ya kuwasha televisheni siku hiyo tukufu alikuwa mwanamke mmoja aitwaye Zuwena Mfaume. Cheo chake kilikuwa Afisa Mwandamizi wa Kuwasha. Alikuwapo pia Afisa wa Kuzima, lakini huyo alikuwa amepelekwa ng'ambo kwa masomo ya juu.

Wengine huomba kazi serikalini kwa sababu ya kiyoyozi. Zuwena aliomba ili amwone mama yake. Mama huyo, Bi Siwatu, alikuwa mmoja wa wanawake waliopelekwa uwanjani siku ya kuapishwa kupiga vigelegele, na alifariki mwaka uliofuata, Zuwena akiwa bado hajui kufunga kamba za viatu. Picha pekee iliyobaki nyumbani ilikuwa ile ya kadi ya chama, na mpiga picha alikuwa amefyatua wakati mama amefumba macho. Zuwena alilelewa na mama yake mdogo, aliyekuwa akimwambia, "Unacheka kama marehemu, hivyohivyo." Naye hakuwahi kumwona marehemu akicheka.

Alipokuwa shule ya msingi, Serikali ilionyesha nakala ya tatu ukutani, na mama mdogo akamnyooshea kidole: yule pale, mwenye kanga ya manjano, mstari wa nyuma. Wakati huo mama alikuwa na macho na mdomo. Alipofika sekondari mama alikuwa amebaki na mdomo. Alipoajiriwa, mama alikuwa doa la manjano lililotetemeka nyuma ya kilemba. Na katika sherehe ya juzijuzi, Katibu Mkuu mpya, mtu mnene na mrefu, aliposimama kupiga makofi, doa lilizimika. Zuwena alibaki na rimoti mkononi, machozi yakimtoka, na Waziri akampongeza kwa uzalendo.

*

Huenda mambo yangeendelea vivyo hivyo hadi mwisho wa dunia, kama si balozi wa nchi moja tajiri kuleta msaada wa televisheni mpya, pana kama kitanda. Baada ya hotuba za shukrani, balozi aliuliza kwa adabu kama angeweza kuonyeshwa diski ya asili.

Hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo. Waziri wa Kumbukumbu, Mheshimiwa Dakta Mhandisi Balozi Shomvi Kalumbeta, alimtazama mgeni, akaitazama televisheni, akaona kwamba akikataa moja atakosa ya pili. Akaagiza sefu ifunguliwe.

Zuwena alibonyeza rimoti. Kioo kikawaka, na waheshimiwa wote wakarudi nyuma hatua.

Hapakuwa na kisogo. Hapakuwa na nzi. Makofi yalipigwa kidogo, kama makofi ya watu wengine wowote, kisha yakaisha, na sauti ya mtu ikasikika ikisema maneno yanayoeleweka. Anga lilikuwa la buluu, jambo ambalo vijana wa Wizara hawakuwa na habari nalo.

"Mimi niko wapi?" aliuliza Waziri wa Uvuvi, akishika sikio lake.

"Na nzi?" alisema Katibu Mkuu. "Nzi wetu yuko wapi?"

Kamera ya wale wageni ilianza kugeuka polepole kuelekea upande wa wanawake. Zuwena aliona uso wa kwanza, safi na wazi, wenye jasho juu ya mdomo. Akaona wa pili. Akaona bega lenye kanga ya manjano na mkono uliovaa bangili.

"Zima!" alipiga kelele Waziri Kalumbeta.

Zuwena hakusogea.

"Wewe! Kwa nini huzimi?"

"Mheshimiwa, mimi ni wa kuwasha."

Ilikuwa hoja nzito kiutumishi, na Waziri aliifikiria kwa sekunde nzima kabla ya kwenda mwenyewe kung'oa waya ukutani. Kioo kikawa cheusi. Zuwena alikuwa ameliona bega la mama yake mpaka mshono wa blauzi. Alihisi kama aliyefungiwa mlango usoni baada ya kusikia wenyewe wanaongea ndani.

Tume iliundwa. Ilikaa, ikala, ikasimama. Siku ya tatu Waziri Kalumbeta alizungumza na taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "mimi ni mwanasayansi, na nitawaambieni mambo kisayansi. Tumechukua nakala zetu zote, tumezitazama mwanzo hadi mwisho. Kila nakala ina makofi. Kila nakala ina visogo. Nzi yumo. Tumeichukua na hiyo inayojiita diski ya asili: haina makofi ya kutosha, haina visogo, haina nzi. Sasa niwaulize ninyi wenye akili zenu. Mashahidi ishirini na zaidi wakisema jambo moja, na shahidi mmoja akasema lingine, mwongo ni nani?"

Wananchi waliokuwa wamekusanywa walikuna masikio.

"Diski hii haifanani na nakala yake," aliendelea kwa huzuni ya mtu aliyesalitiwa na ndugu. "Kwa hiyo ni ya bandia. Imelala kwenye mahameli ya Serikali kwa miaka yote hii ikijifanya ya asili. Jumamosi, mbele yenu, itasagwa."

*

Diski haikuwahi kusagwa Ustawini, na Wizara haikutaka aibu. Ikaamuliwa itumike mashine ya kusagia mahindi iliyoko sokoni, na Zuwena akakabidhiwa diski ndani ya mahameli yake, akatumwa kwenda kupima kama itapita kwenye mdomo wa mashine. Alipewa mlinzi, Koplo Mwinjuma, askari mpole mwenye bunduki kubwa na ugonjwa wa kupenda sinema za mapigano.

Njia ya sokoni inapita mbele ya duka la Komba. Huyu Komba alikuwa akikodisha na kuuza filamu, na Serikali ilikuwa imemkamata mara nyingi kwa kosa la kutengeneza nakala zinazoonekana vizuri. Mlangoni alikuwa na televisheni na benchi, na siku hiyo kwenye televisheni mtu mmoja mwenye upara alikuwa akiwapiga watu wa kijiji kizima kwa ngazi.

"Dada Zuwena," alisema Koplo, miguu ikiwa imekwisha kusimama yenyewe, "nadhani hapa ndipo mahali pa kupumzikia."

"Pumzika, afande. Mimi naingia ndani kuomba maji."

Komba alipoona kilichokuwa ndani ya mahameli, alikimbilia nyuma ya kabati.

"Mtoe huyo shetani dukani kwangu! Nimetoka rumande juzi, Zuwena. Nywele zenyewe hazijaota!"

"Mama yangu yumo humu, kaka Komba. Jumamosi wanamsaga."

Komba alichungulia. Alikuwa mwoga, lakini alikuwa na mama, na zaidi ya hapo alikuwa na udadisi wa kazi. Akaikamata diski kwa kingo zake, akaigeuza kwenye mwanga, akapiga mluzi.

"Mali safi. Haina hata mkwaruzo. Hawa watu walikuwa na hii, wakakaa kupiga picha televisheni?"

"Sheria."

"Mungu awasamehe." Aliitia kwenye kompyuta. "Haya. Ila ni kubwa, haitaenea kwenye diski zangu za bei rahisi. Nitaibana kidogo."

"Ukiibana inakuwaje?"

"Si kitu. Kompyuta inatafuta pa kuokoa nafasi. Aliye mbele humwacha kama alivyo. Watu wa nyuma ndio huwa miraba miraba, huwajui nani ni nani. Nani huwatazama watu wa nyuma?"

"Mimi," alisema Zuwena, na sauti yake ikampanda. "Usibane! Hata unywele! Mama yangu yuko nyuma, siku zote wanaanza na watu wa nyuma, mwaka huu kilemba, mwaka ujao kisogo. Chukua yote kama ilivyo!"

"Polepole, askari atasikia." Komba aliinua mikono. "Sawa. Naivuta nzima kwenye kompyuta, sigusi kitu, halafu naitia kwenye flashi kubwa. Ila itachukua muda wake, mama. Kitu kizima hakina haraka."

Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo cha kompyuta. Nje, mtu mwenye upara alikuwa amefika kijiji cha pili. Mstari ukatambaa, ukatambaa, na ulipokaribia mwisho ukasimama. Kompyuta ikaanza kukoroma.

"Nini?"

"Haisomi hapa." Komba aliitoa diski. Karibu na ukingo palikuwa na alama kubwa ya kidole chenye mafuta. Siku ya tume, Mheshimiwa Waziri alikuwa ameapa juu ya diski hiyo mara tu baada ya kula sambusa.

Mlango ukafunguka na Koplo Mwinjuma akaingia, bunduki begani. Koplo aliitazama kompyuta, diski mkononi mwa Komba, na Komba, aliyekuwa ameanza kusali.

"Hii inafanywa nini?"

"Inapimwa, afande," alisema Zuwena. "Kama itapita kwenye mashine."

"Inapita?"

"Bado kidogo tu."

Koplo aliwaza. Nje ilisikika sauti ya ngazi ikivunjika juu ya mtu.

"Basi sehemu ya pili naomba niimalizie," alisema, akatoka.

Komba alipumua, akavuta kona ya shati lake safi, akaifuta diski kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa upole, wala hakuizungusha. Akairudisha. Kompyuta ikakoroma, ikapiga chafya, ikanyamaza, na mstari wa kijani ukafika mwisho.

Jumamosi diski ilisagwa. Waziri Kalumbeta aliitumbukiza kwa mkono wake, bendi ikapiga, mashine ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Mwenye mashine aliwaomba wasafishe jiwe wakimaliza, hawakusafisha, na kwa wiki nzima wakazi wa mji mkuu walikula ugali unaometameta. Wizara ya Afya ilieleza kuwa ni madini.

*

Jumapili mchana, mama mdogo akiwa harusini, Zuwena aliketi mbele ya kompyuta aliyoazima, akachomeka flashi. Aliipita bendi. Alimpita Kiongozi, ambaye alikuwa kijana mwembamba, mwenye rundo la karatasi mkononi na wasiwasi usoni. Kamera ikageuka. Uso wa kwanza, uso wa pili, bega, na hapo akatokea.

Bi Siwatu alikuwa mdogo kuliko Zuwena alivyo sasa. Alikuwa na mwanya. Alikuwa na jasho kwenye pua na kipele kidogo kidevuni, na alipiga kigelegele kirefu kuliko wote, kisha akacheka kwa namna ambayo Zuwena aliijua, maana alikuwa akiisikia kooni mwake kila siku. Kwa bahati, kipaza sauti cha wale wageni kilikuwa karibu. Kiongozi alipofungua karatasi nyingine, Bi Siwatu alimwegemea mwenzake, akasema chinichini, lakini kila neno likasikika:

"Shoga, huyu bwana anamaliza lini? Nimemwacha mtoto na homa."

Zuwena alisimamisha picha. Mtoto mwenye homa alikuwa yeye. Alicheka, akalia, akarudisha nyuma, akasikiliza tena, akacheka na kulia kwa wakati mmoja mpaka jirani akabisha hodi kuuliza kama kuna msiba au posa.

Alimwonyesha jirani. Jirani alimwita dada yake. Naye Komba, ambaye hajawahi katika maisha yake kushika diski akakosa kubaki na nakala, alikuwa tayari amewapa wateja wake wa karibu, na wateja wa karibu wa Komba ni nusu ya mji. Watu walichomeka flashi, wakavuta kitu kizima, hawakubana, wakampa mwingine. Nakala ya mia ilikuwa na kipele kilekile kidevuni. Wanaume walikitazama kiapo mara moja wakachoka. Wanawake walikwenda moja kwa moja mahali pa kanga ya manjano.

Siku ya Maadhimisho wote walipelekwa uwanjani kama kawaida. Zuwena alikaa upande wa wanawake. Kiongozi, mnene sasa, hana wasiwasi tena, alikuwa amehutubia tangu asubuhi, na rundo la karatasi mkononi mwake halikuonekana kupungua. Jua lilikuwa kali. Nyuma ya Zuwena, mwanamke ambaye hakumfahamu alimwegemea mwenzake.

"Shoga," alisema, akilivuta neno vilevile kama Bi Siwatu, "huyu bwana anamaliza lini? Nimemwacha mtoto na homa."

Mstari wa juu ukasikia, ukasema. Ukasema na wa juu yake. Halikupungua neno, halikuongezeka. Wanawake elfu kadhaa walikuwa wanaulizana chinichini, na chinichini ya watu elfu kadhaa haiko chini sana.

Kiongozi aliweka kidole kwenye karatasi asipotee, akainua kichwa.

"Wanasemaje?"

"Wana mtoto mgonjwa, Mtukufu," alisema Waziri Kalumbeta.

"Wote?"

"Naona wote, Mtukufu."

Zuwena alisimama. Hakuwa amepanga, magoti yalisimama yenyewe. Akajifunga kanga vizuri, akaanza kushuka ngazi. Mwanamke wa nyuma yake akasimama. Mstari ukasimama, kisha upande mzima, polepole, bila fujo, kila mmoja akimpisha mwenzake, na askari wakawapisha pia, kwa sababu hakuna amri yoyote Ustawini inayomzuia mtu kwenda kumtazama mgonjwa. Koplo Mwinjuma alifungua geti mwenyewe.

Kiongozi aliendelea na ukurasa uliofuata. Walipofika nje, walisikia kwa ndani makofi ya waheshimiwa, machache, ya kuhesabika.

Mwanamke asiyemfahamu alikuwa akitembea sambamba na Zuwena, viatu mkononi.

"Haya, shoga," alimuuliza, "na wako je? Homa imeshuka?"

"Imeshuka," alisema Zuwena, akacheka, na mwanya wake ukaonekana. "Imeshuka siku nyingi. Mimi nilikuwa nasubiri mama arudi tu."